Sura ya Nne: Njoo Kesho

Wiki ya mwisho ya Ramadhani, nenda kwa fundi cherehani yeyote wa Kariakoo, wa Tanga mjini au wa Mombasa, ukae kwenye benchi la wateja usikilize. "Imebaki vifungo tu, dada." "Jana umeme ulikatika, lakini leo usiku namalizia." "Njoo kesho mapema, utaikuta imeshapigwa pasi." Kesho yake yule dada akirudi, atamkuta fundi kainamia cherehani, macho mekundu, amefuturu kwa kuonja tu na hajalala. Gauni lake bado limekunjwa vilevile alivyolileta likiwa kitambaa, halijaguswa na mkasi.

Nimemchagua fundi huyu makusudi, kwa sababu anawavurugia hesabu wahubiri wa bidii. Kwao wao, anayechelewesha kazi ni mvivu, na dawa ya uvivu ni kuamka mapema na kujituma zaidi. Fundi wetu ameamka kabla ya adhana na atafunga banda usiku wa manane. Hana bosi wa kumtegea. Ufundi anao, tena mwingi. Mpe shati la mfano tu, atakushonea jingine bila kukupima. Kama bidii peke yake ingekuwa dawa, angekwisha kupona siku nyingi.

Na bidii tumehubiriwa mno. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961 ikiwa na kaulimbiu ya "Uhuru na Kazi", na mwaka 2015 John Magufuli akaomba kura kwa "Hapa Kazi Tu". Sina ugomvi na kaulimbiu hizo. Ila kaulimbiu humwambia mtu afanye kazi, basi. Haimwambii aanze na ipi, aimalize lini, wala ipi aikatae, na wengi wetu tunaharibikia hapo.

Mwaka huohuo wa 1961 Mmarekani mmoja, John Little, alichapisha uthibitisho wa hesabu fupi ambayo leo inafundishwa katika vyuo vya uhandisi na biashara duniani kote. Inasema hivi: wastani wa kazi zilizomo ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya kazi kuingia, mara muda ambao kazi moja hukaa humo. Igeuze upate inayomfaa fundi: muda wa kusubiri ni idadi ya nguo zilizoko kwenye rafu, gawanya kwa idadi ya nguo anazomaliza kwa siku. Tuseme rafu ina nguo 60 na fundi humaliza 4 kwa siku. Nguo ya wastani itakaa siku 15. Haijalishi fundi ameapa nini, wala mteja ni shemeji yake. Shemeji akirushwa mbele, kuna mtu mwingine anasogezwa nyuma, na wastani unabaki palepale.

Sasa tazama mahali ambapo ahadi ya "njoo Ijumaa" ilizaliwa. Mteja alipofika Jumanne, fundi alikitazama kitambaa, akaukadiria mshono, akajiambia: hili ni gauni la saa tatu. Alikadiria vizuri kabisa. Ni kweli gauni lile litakula saa tatu za mikono yake. Kilichomponyoka ni siku 15 za rafu. Alikihesabu kitambaa kilichokuwa mkononi, akavisahau vile 60 vilivyokuwa nyuma ya mgongo wake. Ukiichunguza kazi yoyote iliyochelewa, iwe hati ya kiwanja, tasnifu ya chuo au dirisha la aluminiamu, utakuta muda ambao mtu aliishika ni mdogo sana ukilinganisha na muda ambao ililala ikisubiri kushikwa. Ndiyo maana kumsukuma mtu ashone haraka zaidi hakuleti nafuu kubwa. Unabana saa tatu na kuziacha siku 15 kama zilivyo.

Msomaji makini atanishika hapa. Kama fundi akipunguza rafu kutoka nguo 60 hadi 20, kila nguo itakaa siku 5 badala ya 15, sawa. Lakini wale wateja wengine 40 wameenda wapi? Je, si umewatoa ndani ukawasimamisha nje? Ni swali zuri, na jibu lake lina pande mbili. Kwanza, aliye nje anajua yuko nje. Kitambaa chake kiko kabatini kwake, fedha zake ziko mfukoni, na anaweza kwenda kwa fundi wa jirani. Aliye ndani amefungwa kwa ahadi, na ahadi hiyo ni ya uongo.

Pili, rafu iliyojaa haitulii. Inakula kazi. Kila mwenye nguo pale ana namba ya simu ya fundi, na anapiga. Kila anayepiga anajibiwa, na kila jibu linamwondoa fundi kwenye mshono. Mwenye kelele nyingi anakatiwa kitambaa leo ili anyamaze, kisha anaachwa nusu. Fundi anabadilisha uzi wa bluu kuweka mwekundu, anang'oa sindano ya kitenge kuweka ya jinzi, anafunua daftari la vipimo kutafuta ukurasa wa mama wa juzi, anagundua hakuandika mzunguko wa kiuno, anampigia. Sophie Leroy, mtafiti wa masuala ya kazi, aliandika mwaka 2009 kuhusu jambo ambalo kila fundi analijua mwilini: ukihama kutoka kazi isiyokwisha kwenda nyingine, sehemu ya akili yako inabaki kwenye ile ya kwanza, na ile ya pili unaifanya vibaya zaidi. Kwa hiyo zile nguo 4 kwa siku si namba ya kudumu. Rafu ikifika 60, huenda akawa anamaliza 3. Mshika mbili moja humponyoka, na huyu ameshika sitini.

Hata tukiacha gharama ya kuhamahama, kufungua kazi nyingi kwa pamoja ni hasara tupu. Chukua nguo tatu, kila moja ya siku nzima. Ukishona moja hadi mwisho ndipo uishike nyingine, mteja wa kwanza ataondoka nayo siku ya kwanza, wa pili siku ya pili, wa tatu siku ya tatu. Ukizishona zote kidogo kidogo, leo mikono, kesho kola, keshokutwa upindo, wote watatu wataondoka siku ya tatu. Wa tatu hakufaidika chochote kwa kuwaburuza wenzake. Bado sijaona mtu aliyepewa hesabu hii akaikataa, na bado sijaona ofisi inayoifuata.

Kwa nini basi fundi apokee nguo ya sitini na moja? Watu wengi humjibia kwa haraka: tamaa. Mimi nadhani jibu liko kwenye arubuni, au advansi kama inavyoitwa barazani. Mteja anayeleta kitambaa leo anaacha nusu ya fedha. Nusu hiyo ndiyo inayonunua uzi na zipu za nguo ya mteja wa wiki iliyopita, inamlipa kijana anayepiga ovaloki, inalipa kodi ya banda, na jioni inanunua unga. Nusu ya mteja wa wiki iliyopita ililiwa wiki iliyopita. Kwa hiyo kumkataa mteja mpya ni kuikataa futari ya leo. Fundi huyu ameingia kwenye mkopo usio na riba wala mkataba, mkopo anaoulipa kwa saa za mikono yake, na amekopa saa ambazo hana.

Ukimwambia mtu wa namna hiyo awe mwaminifu, unampa maneno tu. "Ahadi ni deni" tayari ameibandika ukutani juu ya kioo. Mwonyeshe fedha zilikojificha. Tuseme mshono ni shilingi 20,000 na kila mteja ameacha 10,000. Nguo 60 zilizoko rafuni zimeshikilia shilingi 600,000 ambazo hazipatikani mpaka nguo ikamilike. Nguo iliyokatwa na kuachwa haina hata senti. Nguo iliyobaki vifungo tu ina shilingi 10,000 kwa kazi ya dakika ishirini. Asubuhi ya fundi mwenye njaa, basi, haina sababu ya kuanza na mteja mpya. Inapaswa kuanza na rundo la zilizokaribia kwisha. Kumaliza ndiko kunakoleta fedha taslimu, tena fedha ambazo haziachi deni jipya nyuma yake.

Sisi wa mishahara tusimcheke. Tunayo arubuni yetu, ila si ya noti. Mkuu wa idara anapouliza nani ataandaa ripoti na wewe ukainua mkono, unalipwa papo hapo: kichwa kinatikiswa, unaambiwa "safi sana", jina lako linaingia kwenye muhtasari wa kikao. Sifa imeliwa siku hiyohiyo, kazi haijaanza. Wiki ijayo utaomba sifa nyingine kwa ahadi nyingine, maana ile ya kwanza imeisha ladha na sasa imebaki deni. Nimewaona watu wenye jina la uchapakazi ambao, ukifuatilia, uchapakazi wao wote uko kwenye kupokea kazi.

Kosa la kukadiria si la mafundi pekee. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake walichapisha utafiti uliowahusu wanafunzi wa saikolojia nchini Kanada waliokuwa wakimalizia tasnifu zao. Waliwauliza watamaliza lini. Wastani wa majibu ulikuwa siku 33.9. Wakawauliza tena: na kama kila kitu kikienda mrama? Siku 48.6. Walimaliza kwa wastani wa siku 55.5. Soma tena namba hizo. Hata walipoambiwa wafikirie mabaya, ubaya walioufikiria haukufika ulipofika ubaya wenyewe.

Daniel Kahneman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, aliwahi kusimulia kisa chake mwenyewe. Miaka ya 1970 huko Israeli aliongoza kundi lililokuwa likiandika mtaala wa kufundisha uamuzi mashuleni. Siku moja aliwaomba wote waandike kimyakimya watamaliza lini. Majibu yakawa karibu na miaka miwili. Kisha akamgeukia mjumbe mmoja, mtaalamu wa mitaala, akamuuliza makundi mengine ya aina hiyo huchukua muda gani. Mtaalamu yule akafikiri, akasema kwamba karibu asilimia 40 hawakumaliza kabisa, na waliomaliza walitumia miaka saba hadi kumi. Yeye mwenyewe, dakika chache kabla, alikuwa ameandika miaka miwili kama wenzake. Elimu alikuwa nayo kichwani, hakuifungua. Wakaendelea na kazi kana kwamba hawakusikia. Kitabu cha mtaala huo kilikamilika baada ya miaka minane, na hakikuwahi kutumika.

Ninachokipenda katika kisa hicho ni swali la pili. Swali la kwanza, "hii itachukua muda gani?", humfanya mtu aitazame kazi yenyewe, na kazi ikitazamwa peke yake siku zote huonekana nyepesi. Swali la pili ni "zilizopita zilichukua muda gani?" Hilo haliulizwi kichwani, linaulizwa daftarini. Fundi tayari ana daftari la vipimo. Anachohitaji ni kuongeza tarehe mbili kwenye kila ukurasa, ya kupokea na ya kukabidhi. Baada ya miezi miwili atajua bila kubahatisha gauni la bitana huchukua siku ngapi katika banda lake, simu za wateja wake na umeme wake wa kukatika vikiwemo. Karani naye aandike tarehe kwenye jalada. Mwanafunzi aandike juu ya kila kazi ya nyumbani. Ni kazi ya sekunde tano, na ni ngumu kuliko inavyoonekana, kwa sababu namba hizo zinaaibisha.

Kuna jambo moja lililobaki ambalo linawakera sana waheshimiwa wa "kazi tu": lazima ubakishe muda mtupu. Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa kampuni ya simu ya Copenhagen, alianza kulichambua tatizo hili mwaka 1909, alipotaka kujua kampuni inahitaji laini ngapi ili wapigaji wasisubiri mno. Mwaka 1961, mwaka uleule tena, Mwingereza John Kingman akatoa kanuni inayoonyesha jinsi foleni inavyovimba kadiri mhudumu anavyokaribia kushughulika muda wote. Chukua foleni rahisi kabisa: mhudumu mmoja, wateja wanaofika bila ratiba, kazi zinazotofautiana urefu. Akishughulika asilimia 50 ya muda wake, mteja husubiri, kwa wastani, muda sawa na wa kuhudumiwa mtu mmoja. Akifika asilimia 80, husubiri mara nne ya muda huo. Asilimia 90, mara tisa. Asilimia 95, mara kumi na tisa. Akifika 100, foleni haina mwisho.

Kwa hiyo fundi aliyejaza kila saa ya wiki yake kwa nguo zilizoahidiwa ameshachelewa kabla hajaanza. Umeme ukikatika saa mbili, saa hizo hazina pa kufidiwa. Mtoto akiugua, wateja wote wa wiki wanasogezwa. Wiki yenye alasiri mbili tupu inaonekana ya kizembe kwa mpita njia, na bosi akimkuta mtu amekaa atamtafutia kitu cha kufanya. Lakini alasiri hizo ndizo zinazoifanya "njoo Ijumaa" iwe kweli. Zikipita salama bila dharura, rudi kwenye lile rundo la vifungo.

Ukomo wa rafu unahitaji kitu cha kushikika, maana nia njema haihimili uso wa mteja anayesihi. Taiichi Ohno, mhandisi wa Toyota, aliweka kadi viwandani baada ya Vita Kuu ya Pili. Kituo cha nyuma hakikuruhusiwa kutengeneza kipuri mpaka kadi irudi kutoka kituo cha mbele, na hivyo wingi wa vipuri vilivyolala sakafuni haukuweza kuzidi wingi wa kadi. Fundi anaweza kukata vipande 20 vya boksi, akaviandika namba, akavitundika msumarini. Nguo ikipokelewa, inabanwa kipande. Ikikabidhiwa, kipande kinarudi msumarini. Msumari ukiwa mtupu, hakuna kupokea. Hapo fundi hakukatai yeye, anaonyesha msumari. "Dada, vibao vimeisha. Kimoja kitarudi Jumatano, nikuandike wewe?" Wengine wataondoka wakinuna. Wengine watasubiri Jumatano, tena kwa hamu zaidi, kwa sababu binadamu humwamini fundi ambaye ana foleni kuliko asiye nayo.

Mtu wa mezani anahitaji kadi chache zaidi. Mimi naona tatu zinatosha kwa kazi zinazohitaji akili nzima; barua za kujibu na simu za kupiga zitengewe saa yake zisihesabiwe. Kikao kikitaka kukupa ya nne, uliza kwa upole: "Kiongozi, nina hizi tatu. Niweke ipi pembeni?" Swali hilo halina utovu wa adabu ndani yake. Mara nyingi mkubwa hajui una ngapi, kwa kuwa hukumwambia. Zipo ofisi ambazo jibu litakuwa "zote ni za haraka", na huko kadi zitakusaidia kwa kiasi kidogo tu. Angalau utajua mwenyewe ipi itachelewa, na utamwambia mwenye kazi mapema badala ya siku ya mwisho.

Kabla ya kutundika vibao, hata hivyo, rafu ya sasa lazima ipunguzwe, na hiyo ndiyo wiki ngumu kuliko zote. Usiifanye karibu na Idi wala Krismasi. Funga mapokezi. Toa kila kitambaa, kiandike, panga kwa kazi iliyobaki, si kwa ukubwa wa kelele za mwenyewe. Zilizobaki vifungo na upindo zimalizwe siku mbili za kwanza, fedha zake ziingie. Zilizokatwa zifuate, maana kitambaa kilichokatwa hakirudishiki. Zinabaki zile ambazo hazijaguswa. Wenye hizo wapigie simu wewe kabla hawajakupigia, uwape tarehe iliyotoka daftarini, na uwaambie wazi kwamba asiyeweza kusubiri aje achukue kitambaa chake na arubuni yake kamili. Baadhi yao watakuja siku hiyohiyo, ndiyo maana vile vifungo vilitangulia: fedha ya kuwarudishia iwe imeshaingia kwenye droo kabla hujainua simu.